Ukoo Wetu ni Wanene: Sasa Tule Vipi?

Katika nyumba nyingi za Malindi, swali la unene hujibiwa kwa kuonyeshwa picha ya ukutani. Bibi yuko kwenye fremu, amekijaza kiti. Mama kamfuata bibi. Binti naye, tangu ajifungue mtoto wa pili, nguo zake za zamani hazimwingii. "Sisi ndivyo tulivyo," huambiwa mgeni, "ni damu." Ukitoka hapo ukaenda zahanati utaambiwa kingine kabisa: unakula sana, hutembei, punguza. Mtu hurudi nyumbani na kauli mbili zinazopingana, na kwa kuwa ya kwanza inaliwaza na ya pili inaudhi, hushika ya kwanza.

Kwa maoni yangu bibi na muuguzi wote wako sahihi, ila kila mmoja ameshika nusu yake. Unene wa kurithi upo. Mwaka 1986 watafiti waliwachunguza watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa tangu utotoni na wazazi wasiowazaa, wakakuta miili yao inafanana na ya wazazi waliowazaa, si ya waliowapikia. Hilo halina ubishi tena. Ubishi huanza pale mtu akisikia "kurithi" akaelewa kwamba ameshahukumiwa, na muuguzi akisikia "jeni" akaelewa kwamba mgonjwa anatafuta kisingizio. Ninayemwandikia hapa ni yule ambaye kwao ni wanene kweli, aliyekwisha jaribu mara kadhaa kupunguza uzani ukamrudia, na anayetaka kujua ashike lipi.

Jeni iliyochunguzwa kuliko zote katika jambo hili inaitwa FTO. Ilijulikana mwaka 2007, watafiti wa Uingereza walipolinganisha watu zaidi ya 38,000. Sote tunayo, tunatofautiana katika namna ilivyoandikwa. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na waliorithi namna ya unene kwa pande zote mbili walikutwa na uzani uliozidi kwa takriban kilo 3 ule wa wasioirithi kabisa. Kilo 3 tu. Kwa hiyo aliyezidi kilo 30 asiitwishe FTO mzigo wote. Baadaye zikapatikana nyingine nyingi: uchunguzi wa mwaka 2018, wa watu karibu 700,000 wenye asili ya Ulaya, uliorodhesha zaidi ya sehemu 900 za vinasaba zinazohusika na uzani, na zote kwa pamoja zilieleza kama asilimia 6 tu ya tofauti kati ya mtu na mtu.

Sisi Waafrika tumepimwa kidogo, na tulipopimwa mambo hayakwenda sawasawa na ya Ulaya. Vijijini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 haukuona FTO ikiongeza uzani wa watu. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 kundi la Charles Rotimi, mwanasayansi mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi Marekani, lilitangaza namna ya jeni iitwayo SEMA4D ambayo mtu 1 hivi katika kila 100 wa Afrika Magharibi anayo, na wenye nayo walizidi kwa kilo 2 na nusu au zaidi kidogo. Ukijumlisha yote unaona jambo moja: hakuna jeni moja ya unene. Ziko nyingi, kila moja inasukuma kidogo.

FTO inasukuma vipi? Hapa ndipo penye faida kwa anayepika. Mwaka 2008 watoto wa Scotland waliandaliwa chakula wakaachwa wale watakavyo. Wenye namna ya unene hawakuwa wavivu kuliko wenzao, wala miili yao haikutumia nguvu kidogo. Walikula zaidi, na katika vilivyokuwa mezani walivutiwa na vile vyenye mafuta na sukari. Miaka mitano baadaye watafiti wa London wakaonyesha sababu mojawapo: homoni ya njaa, ghrelini, ambayo kwa kawaida hushuka mtu akishakula, kwa watu hawa ilishuka kidogo tu. Mtu amemaliza sahani lakini tumbo bado linadai. Na mwaka 2015 ikaonekana kwamba jeni hiyo hugusa pia seli za mafuta zenyewe, zikaelekea kuhifadhi badala ya kuchoma. Kwa hiyo anayesema "mimi nikila kama mwenzangu bado nasikia njaa" mara nyingi hadanganyi. Shibe yake inachelewa. Na cha kuchelewa dawa yake ni kukipa muda na kukisaidia kifike, kumsuta mwenyewe hakusaidii kitu.

Wakazi wa Kilifi, kaunti yetu, hawahitaji kufundishwa kwamba jeni ni jambo la kweli, maana selimundu wanaijua. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka nchi akipima damu za watu, akakuta alama ya selimundu imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali nyanda za juu karibu haipo. Mwaka 1954 akaeleza kwa nini: aliyerithi kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria kali. Kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI cha Kilifi, kilichoanza 1989 pale hospitali kuu, kimeendelea na kazi ya aina hiyo hadi leo. Lakini selimundu ni jeni yenye amri. Ukiirithi kwa baba na kwa mama utaugua, uwe unakula vizuri au vibaya, uwe tajiri au maskini. FTO haina amri ya namna hiyo, na anayezichanganya hizi mbili ndiye anayekata tamaa bure.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote katika habari hii unatoka Framingham, mji mdogo wa Marekani ambako familia zimefuatiliwa na madaktari tangu 1948. Watafiti waliwagawa watu kwa mwaka wa kuzaliwa. Kwa waliozaliwa kabla ya 1942, kuwa na FTO ya unene hakukuhusiana na uzani hata kidogo. Kwa waliozaliwa baadaye, kulihusiana waziwazi. Mji ule ule, jeni ile ile. Kilichobadilika ni maisha: magari, mashine, vyakula vya dukani. Jeni ilikuwa imekaa kimya ikingoja.

Sasa tazama kwetu. Bibi alikuna nazi juu ya mbuzi, akatwanga, akateka maji, akaenda shamba kwa miguu na kurudi na kuni kichwani. Mjukuu ana tui la pakiti na mafuta ya kupima kwa mtungi wa duka, na kutoka mtaa wa Barani hadi sokoni anapanda tuktuk. Simlaumu; jua la saa nane la Malindi nalijua. Lakini ukoo ni ule ule, na yaliyomo ndani ya damu hayakubadilika katika miaka hamsini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu wanawake 39 kati ya kila 100 nchini Kenya wana uzani uliozidi au unene uliokithiri, na wanaume 17 au 18. Tofauti hiyo ya wanawake na wanaume nayo yatudokezea kwamba kuna mengine zaidi ya damu, maana kaka na dada hurithi kwa wazazi wale wale.

Kabla ya kuingia jikoni, neno moja kuhusu vipimo vya vinasaba vinavyouzwa mitandaoni, eti tuma mate yako tukuambie ule nini. Hifadhi pesa zako. Mwaka 2016 majaribio manane ya kupunguza uzani yalijumlishwa pamoja, watu 9,563, wakatazamwa wenye FTO ya unene na wasio nayo. Walipungua sawasawa. Yaani hata ukijua unayo, mlo utakaopangiwa ni ule ule na matokeo ni yale yale. Kipimo hicho kitakupa wasiwasi na risiti.

Tuanze na asubuhi, maana pwani ndipo tunapokosea bila kujua. Mahamri na mbaazi ni kifungua kinywa ambacho nusu yake ni dawa na nusu yake ndiyo shida. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, zinakaa tumboni, zinaita shibe. Hamri ni unga mweupe, sukari na mafuta ya kukaangia. Wengi wetu tunakula mahamri manne au matano na mbaazi za kuchovyea tu. Geuza hesabu: bakuli zima la mbaazi, mahamri mawili. Anza na vijiko vitano sita vya mbaazi kabla ya kugusa hamri. Na unapozipika, zichemshe kwa tui jepesi la mkamuo wa pili au wa tatu mpaka ziive kabisa, kisha dakika chache kabla ya kuipua tia vijiko viwili vitatu vya tui zito pamoja na pilipili mbichi na kitunguu. Ladha ya nazi mdomoni hutokana na lile la mwisho. Lile zito linalotiwa tangu mwanzo, kikombe kizima, huliwa bila kuonjwa. Nazi siipigi marufuku. Mtu wa Malindi akiambiwa aache nazi atamwacha aliyemwambia.

Sukari ya chai ni habari nyingine. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 48, na hapo hujanywa soda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku za sukari ya kuongezwa na ya juisi, na ikiwezekana aishie 25. Soda ya mililita 300 peke yake ina karibu gramu 32. Ubaya wa sukari ya kunywa, hasa kwa mwenye shibe ya kuchelewa, ni kwamba hupita bila tumbo kuihesabu. Punguza nusu kijiko kila wiki, ongeza iliki, tangawizi au mdalasini, ulimi huzoea. Maji ya ukwaju yaliyotiwa sukari mpaka yanate si afya kwa sababu tu ukwaju ni wa kwetu. Dafu ni afadhali kuliko soda, ila nalo lina sukari yake, moja latosha.

Mchana na usiku kanuni ni ya mpangilio kuliko marufuku. Mboga na kitoweo vitangulie, wali au sima vifuate. Mchicha, mnavu, kisamvu, matembele, na kwa Wagiriama ule mtsunga mchungu ambao vijana sasa wanaukimbia: vitu hivi hujaza tumbo kwa kalori chache. Samaki wa kuchoma au wa mchuzi wa ndimu hushibisha sawa na wa kukaanga, na unaokoa mafuta ambayo kijiko kikubwa kimoja ni kalori kama 120. Ukimaliza sahani ya kwanza, funika sufuria na usubiri robo saa au dakika ishirini kabla ya kuongeza. Mwenye shibe ya haraka hahitaji kusubiri. Mwenye shibe ya polepole, hicho ndicho chombo chake kikubwa. Baada ya muda huo wengine wataongeza kidogo na wengine hawataongeza. Hata hivyo, usijilazimishe kubaki na njaa, maana njaa ya jioni hukupeleka kwenye viazi karai na bhajia za kona, na pale mkono hauhesabu. Bhajia zile nunua ukiwa umekwisha kula, na si kila siku.

Sinia nalo lataka busara. Kula pamoja ni utu wetu na sitaki kuuharibu, lakini hakuna chombo kinachoficha kiasi kama sinia la pilau watu sita mkono mmoja. Mwenye mbio huongoza, wengine humfuata. Kwenye harusi, kaa karibu na mtu mzima anayekula kwa utulivu, kula ubavu wako tu, na chukua kachumbari kwa wingi. Nyumbani siku za kawaida, ukihisi uzani unapanda, pakua kwenye sahani yako walau chakula cha usiku.

Ramadhani wapo wanaonenepa, wakashangaa. Kumbe mpangilio wa asili ulikuwa umeshatatua jambo. Fungua kwa tende moja au tatu na maji, kasali Magharibi, kisha ndipo urudi kwa futari. Mapumziko yale ndiyo yanayoipa shibe nafasi ya kuanza safari. Tatizo letu ni kwamba mwadhini akianza tu, sharubati, kaimati, sambusa na muhogo wa nazi hupita vyote kwa dakika kumi. Kaimati zina haki yake, lakini ziwe mwisho na zihesabike.

Kupima uzani kila siku sikushauri, hukuvunja moyo. Chukua utepe wa fundi cherehani. Pitisha kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, toa pumzi bila kuvuta tumbo, soma. Mwanamke akifika sentimita 80 na mwanamume 94, ni wakati wa kuangalia sukari na presha. Nasema kiuno kwa makusudi, kwa kuwa mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yenye madhara zaidi. Ya nyonga na mapaja ni mapole. Kwa hiyo mwanamke wa pwani mwenye nyonga pana na kiuno chembamba asitishwe na maneno ya watu. Wazee wa Kigiriama walilijua umbo hilo na kulipenda. Hando, vazi lao la wanawake, ni sketi inayotanua nyonga. Kitambi cha mwanamume, ambacho husifiwa kuwa ni dalili ya pesa, ndicho cha kutisha.

Kuna hofu nyingine ambayo vijitabu vya afya haviigusi. Hapa kwetu, mtu akikonda huulizwa anaumwa nini. Miaka ya UKIMWI ilituachia macho hayo. Wanawake wengi huacha kupunguza uzani pale tu jirani anapoanza kunong'ona. Njia rahisi ni kusema mapema kwa nyumba na marafiki: natafuta kushusha sukari, nitapungua kilo tano sita. Wakishajua, mdomo hupoa.

Na kwa nini uzani hurudi? Hapo tishu za mafuta zenyewe ndizo zinazosema. Zamani zilidhaniwa ni ghala tu, mpaka mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa New York walipoipata leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili ili kuujulisha ubongo akiba ni kiasi gani. Ukikonda, leptini hushuka, na ubongo huelewa kuna njaa nchini: hamu ya kula inapanda, mwili unabana matumizi. Ukikonda kwa kasi, kelele hizo huwa kubwa. Ndiyo maana nashauri kilo mbili kwa mwezi na kuridhika na asilimia 5 hadi 7 ya uzani wako. Mwenye kilo 90 lengo lake ni kushuka kilo 5 au 6, abaki hapo miezi mingi kabla ya kufikiria zaidi.

Leptini ilipogunduliwa watu walidhani dawa imepatikana. Haikuwa, kwa sababu wanene wengi wanayo tele, ubongo ndio hausikii. Lijue hilo unapoona tangazo la kidonge "kinachorekebisha homoni za mafuta". Chai za kupunguza tumbo nyingi zina majani ya kuharisha. Kinachopungua ni maji. Baadhi ya vidonge vya kukondesha vinavyouzwa kimagendo duniani vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa madukani Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Sindano za semaglutaidi ni dawa ya kweli na zinafanya kazi, lakini ni za daktari, ni ghali, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu za bandia. Usinunue kwa mtu wa simu. Na dada zetu wanaomeza vidonge vya kunenepesha makalio wajue mara nyingi ni dawa ya mzio au ni deksamethasoni, steroidi inayopandisha sukari na presha. Mkaja wa arubaini nao hushikilia tumbo na kumtuliza mzazi mgongo, mafuta hauyayeyushi.

Kutembea kunahitaji maneno machache, kwa kuwa hapa ndipo wenye jeni wanapofaidika mno. Mwaka 2011 tafiti za watu wazima zaidi ya 218,000 zilijumlishwa, ikaonekana kwamba kwa wenye kushughulisha mwili, nguvu ya FTO hupungua kwa kama asilimia 27. Dakika thelathini, siku tano kwa wiki. Baada ya swala ya alfajiri, maji yakiwa yametoka, mchanga wa ufuo wa Silversands ni mgumu na jua halijakaza. Wanawake wakitoka watatu wanne hakuna wa kuwasumbua. Chama cha kina mama kinachokutana kila wiki kinaweza kuanza kwa kutembea kabla ya kuhesabu michango. Anayekaa Mnarani na kufanya kazi Kilifi mjini anaweza kuvuka daraja kwa miguu walau asubuhi, bodaboda aiachie jioni.

Watoto ni mlango mwingine, na hapa nawaomba wazazi wawe na tahadhari: mtoto asiwekwe kwenye mlo wa kupunguza uzani kwa amri ya shangazi. Kilifi ndiyo kaunti iliyokutwa na udumavu mwingi kuliko zote katika uchunguzi wa mwaka 2022, watoto 37 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano. Ziko nyumba ambamo mama amezidi uzani na mtoto wake amedumaa, sufuria ikiwa moja. Hapo ubora ndio uliokosekana: wanga umejaa, dagaa, mayai, kunde na mboga ni haba. Sukari na soda ziondolewe kwa wote, protini iongezwe kwa wote. Hiyo humfaa mama na mtoto pia.

Yuko hata hivyo mtoto mmoja mmoja ambaye jeni humtawala kweli. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi miongoni mwao, waliripoti mabinamu wawili wenye asili ya Pakistani, wazazi wao wakiwa jamaa, waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini. Walikuwa na njaa isiyokatika tangu uchanga. Mmoja wao, msichana, alipofika miaka 9 alikuwa na kilo 94. Alipodungwa leptini alipungua kilo 16 kwa mwaka, na akaanza kula kama watoto wengine. Ugonjwa huu ni adimu sana. Ila ndoa za mabinamu tunazo, na mzazi anayeona mtoto ananenepa kupindukia kabla ya miaka mitano, analilia chakula usiku na mchana na hata kukiiba, asimpige wala kumcheka. Ampeleke hospitali ya kaunti na aombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa homoni za watoto.

Kwa mtu mzima, kazi ya wiki hii ni ndogo. Kaa na wazee wa ukoo, andika nani alikuwa na kisukari, nani presha, nani alianguka kwa kiharusi, na kila mmoja alianza akiwa na umri gani. Hiyo ndiyo karatasi ya vinasaba inayomsaidia daktari, na haigharimu kitu. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja ana kisukari na kiuno chako kimevuka utepe, usingoje dalili. Tangu mwishoni mwa 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mizani, mashine ya presha na kipima sukari. Muulize wa mtaani kwako, au nenda zahanati asubuhi bila kula wala kunywa chai kwa saa nane. Sukari ikisoma 7.0 au zaidi, hicho kinaweza kuwa kisukari na kipimo hurudiwa kuthibitisha. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, uko ukingoni, na huko ndiko kilo 5 au 6 zina thamani kubwa kabisa: katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, la watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni, wale walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzani na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakawashinda hata waliopewa dawa.